Picha nzuri humrudisha mtoto kwenye maneno

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi sebuleni hapa Umoja, mjukuu wangu wa Gredi ya Pili akinisomea kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma kwa mbwembwe: “Mama anapika wali.” Kitabuni palikuwa pameandikwa “Mama anapakua wali.” Mchoroni, mama kainamia sufuria, mwiko mkononi. Nikaiziba picha kwa kiganja, nikamwambia asome tena. Kimya. Kisha akanong’ona: “Babu, si utoe mkono basi?”

Nilicheka, ila moyoni nilishtuka. Mtoto hakuwa akisoma, alikuwa akibashiri.

Sikumlaumu. Watoto wa mtaa huu huitambua nganya kwa picha iliyochorwa ubavuni kabla hawajaweza kusoma jina lake. Macho hukimbilia picha kwanza. Swali ni je, baada ya hapo yanakwenda wapi?

Swali hilo ni la kale. Mwaka wa 1658, Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, iliyo leo katika Jamhuri ya Cheki, alichapisha kitabu cha watoto jijini Nuremberg, kwa Kilatini na Kijerumani. Kiliitwa Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu unaoonekana, kwa picha. Hata alfabeti aliifunza kwa wanyama na milio yao: kunguru kwa A, kondoo kwa B. Lakini werevu wake hasa ulikuwa kwenye nambari. Vitu vya mchoroni alivitia nambari, na nambari zizo hizo akaziweka kando ya maneno yake. Aliyetazama picha hakuwa na budi kurudi kwenye maandishi. Mwaka mmoja tu baadaye, kitabu hicho kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiingereza.

Sie tuliokulia Kenya tulikuwa na Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau katika Taifa Leo. Gazeti lilipofika nyumbani, tuliligombania kwa ajili yake. Picha ilikuonyesha Juha kaingia taabani. Ukitaka kujua kwa nini watu wanacheka, sharti usome maneno. Wengi wetu tulisukumwa hivyo kuzijua herufi, bila kiboko cha mwalimu.

Watafiti nao waliliingilia suala hili. Mwaka wa 1967, Mmarekani S. Jay Samuels alionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma, hasa wale dhaifu, hujifunza maneno vyema zaidi pasipo picha kando yake. Picha huyaiba macho. Mwaka wa 1982, Levie na Lentz walipitia majaribio yaliyolinganisha matini yenye picha na isiyo na picha. Katika ulinganisho 46, waliopewa picha walielewa na kukumbuka zaidi mara 45. Hata hivyo, faida hiyo ilihusu yale tu yaliyochorwa. Habari ambazo picha haikuzigusa hazikupata msaada wowote.

Ati matokeo haya yanapingana? La hasha! Kujifunza kulitambua neno ni kazi moja; kuikumbuka habari uliyoisoma ni kazi nyingine. Katika kazi ya kwanza picha yaweza kuwa mkongojo unaomlemaza mwenye miguu mizima. Katika ya pili ni msumari unaoishikilia habari kichwani.

Kwa hiyo, mzazi na mwalimu, msiing’oe michoro vitabuni. Badilisheni mpangilio tu: maneno kwanza, picha baadaye, kama shahidi.

Ndivyo tulivyofanya na mjukuu wangu. Niliiziba picha tena, naye akajikokota: “A-na-pa-ku-a.” Alirudia mara tatu. Nilipoondoa mkono, alitazama, akaruka: “Kumbe kuna sahani hapa, Babu!”

Sahani zilikuwepo muda wote. Hakuziona mpaka aliposoma.