Mvukuto katika Historia ya Uhunzi wa Magharibi ya Kenya

Jina mvukuto lina uhusiano na kitenzi kuvukuta, yaani kuupelekea moto upepo. Hata hivyo, wengi waandikao historia ya chuma hutaja tanuri na nyundo, wakamsahau mvukutaji. Ilhali pasipo upepo makaa hayapati joto la kukitoa chuma katika mawe yake.

Kabla ya ukoloni, kitovu cha uyeyushaji katika nchi ya Waluhya kilikuwa vilima vya Samia, kusini-magharibi ya Bungoma. Majembe ya huko yalisambaa kwa biashara hadi mbali. Mvukuto wa pande hizo ulikuwa bakuli za mti zilizofunikwa ngozi laini ya mbuzi, kila ngozi ikiwa na kijiti katikati. Mvukutaji aliinua kimoja huku akishusha cha pili, upepo usikatike, nao ukapita katika mrija wa udongo hadi motoni. Wakikuyu, kwa upande wao, walitumia viriba vya ngozi.

Elimu iliyomo katika kazi hii ilijadiliwa sana baada ya mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika juu ya Wahaya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Walidai kwamba mirija ilisukumwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata joto kabla ya kutoka. Huko Scotland, James Neilson alipata hataza ya kupasha hewa joto mwaka 1828. Wataalamu wengine wamelipinga dai hilo la Wahaya. Lakini ubishi wenyewe wathibitisha kwamba swali kuu la chuma ni swali la upepo.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kitale mwaka 1926. Chuma cha kigeni kikawa rahisi, tanuri zikazimika. Mhunzi hakuacha kazi: alifua vyuma chakavu, na mvukuto ukaishi kuliko tanuri. Baadaye, katika karakana za jua kali, feni izungushwayo kwa gurudumu la baiskeli ilichukua nafasi yake.

Kilicho hatarini sasa ni msamiati. Bakuli, kijiti na mrija vilikuwa na majina yake katika kila lugha ya wahunzi. Mzee anayeyajua akifariki kabla hayajaandikwa, hata mvukuto uliohifadhiwa makumbushoni utabaki kuwa kipande cha mti na ngozi.