Safari ndefu za gari la umeme: kutoka Nebraska mwaka wa 1908 hadi kobalti ya Kolwezi

Watu wengi wakisikia gari la umeme wanadhani ni kitu cha juzi, kitu cha matajiri wa Marekani, Ulaya na China. Sivyo. Gari la umeme lina umri wa zaidi ya miaka 120, na kuna wakati lilikuwa mbele ya gari la esanse. Kilichosumbua tangu mwanzo hakikuwa mwendo wala nguvu. Ni swali moja, ambalo kila mwenye simu kambini analijua vizuri: chaji ikiisha njiani, utachaji wapi?

Historia ya safari ndefu za gari la umeme ni historia ya watu waliojaribu kujibu swali hilo. Inaigusa Kongo pia, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu la leo imechimbwa katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga.

Gari la kwanza kupita kilometa 100 kwa saa

Tarehe 29 mwezi wa nne 1899, pale Achères, karibu na Paris, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy alipanda gari lenye umbo la risasi kubwa. Aliliita La Jamais Contente, maana yake "asiyeridhika kamwe". Siku hiyo alikimbia zaidi ya kilometa 105 kwa saa. Hakuna gari lingine duniani lililokuwa limevuka kilometa 100 kabla yake. Na gari hilo lilikuwa la umeme.

Wakati huo magari ya namna hiyo yalipendwa mijini. Katika Marekani, mwaka wa 1900, zaidi ya theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa yalikuwa ya umeme. Hayakutoa moshi, hayakupiga kelele, na hayakuhitaji kuzungushwa kwa mkono ili yawake. Mkono wa kuwashia gari la esanse uliweza kurudi kwa nguvu na kumvunja mtu mfupa.

Mkongomani asisahau jambo moja hapa. Magari hayo yote, ya umeme na ya esanse, yalitembea juu ya raba. Miaka hiyohiyo, katika Kongo ya mfalme Leopold II, wanavijiji walilazimishwa kwenda msituni kuleta raba, na aliyeleta pungufu aliadhibiwa vikali. Wengi walikimbia vijiji vyao. Kwa hiyo tangu siku za kwanza za gari duniani, mtu wa Kongo alikuwa chini ya gurudumu, hakuwa kwenye kiti.

Fritchle anaondoka peke yake

Mwaka wa 1908, mjini Denver, kulikuwa na mtu wa kemia aitwaye Oliver Fritchle aliyetengeneza magari ya umeme. Alidai gari lake linaweza kwenda maili 100, yaani kilometa 160, kwa chaji moja. Watu walicheka. Fritchle akawaandikia watengenezaji wengine wa magari ya umeme, akawaita washindane naye kutoka Lincoln, katika jimbo la Nebraska, mpaka New York. Hakuna aliyekubali.

Akaondoka bila mshindani. Njia ilikuwa ya kama kilometa 2,900. Barabara nyingi za Marekani wakati huo hazikuwa na lami, zilikuwa vumbi na matope, kama barabara ambazo madereva wa Walikale na Shabunda wanazijua mpaka leo. Mchana aliendesha, usiku alitafuta mji wenye mashine ya umeme ili achaji. Alifika New York baada ya siku 20 hivi za kuendesha. Wastani wake ulikuwa karibu kilometa 145 kwa siku.

Fritchle alionyesha kwamba gari lilikuwa tayari. Lakini safari yake ilionyesha jambo la pili pia: alipita kwa sababu kila jioni alipata mji wenye umeme na mtu wa kumfungulia mlango. Pasipo hivyo, gari lingelala porini.

Kwa nini esanse ilishinda

Mwaka huohuo wa 1908, Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T, ambalo bei yake iliendelea kushuka. Mafuta yalikuwa yameshagunduliwa kwa wingi Texas tangu 1901, na esanse ikawa rahisi. Mwaka wa 1912, kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ndogo ya umeme, kwa hiyo ule mkono wa kuvunja mifupa haukuhitajika tena. Ajabu ni hii: umeme ndio ulioisaidia esanse kuushinda umeme.

Sababu kubwa zaidi ilikuwa kijijini. Mashamba mengi ya Marekani hayakuwa na umeme hata kidogo. Lakini esanse ilibebwa kwenye bidoni na kuuzwa dukani, kando ya sukari na chumvi. Mkaaji wa Goma, Bukavu au Kisangani anaelewa haraka, maana amewaona kadafi wakiuza esanse kwenye chupa na bidoni kando ya barabara. Mafuta yanaweza kubebwa begani mpaka mahali popote, lakini umeme unahitaji waya. Hapo ndipo gari la umeme lilishindwa, na likalala zaidi ya miaka 50.

Wanafunzi, barafu na vituo 54

Mwaka wa 1968 wanafunzi wa vyuo viwili vikubwa vya Marekani waliliamsha. Wa Caltech, kule Pasadena upande wa magharibi, walikuwa na basi dogo la Volkswagen walilolibadilisha kuwa la umeme. Wa MIT, kule Cambridge upande wa mashariki, walibadilisha gari la Chevrolet Corvair. Wakapatana hivi: kila timu iende mpaka kwenye chuo cha timu nyingine, na siku ya kuondoka iwe moja.

Tarehe 26 mwezi wa nane wakaondoka. Njia ilikuwa ya kama kilometa 5,300. Vilitengwa vituo 54 vya kuchaji, kimoja baada ya kingine, karibu kila kilometa 100. Basi la Caltech lilibeba batri za risasi zilizotiwa kobalti. Gari la MIT lilibeba batri za nikeli na kadimiamu, zenye bei kubwa kuliko zile za wenzao. Batri zilipata moto sana wakati wa kuchajiwa kwa haraka, hata wanafunzi wakazirundikia barafu ili zipoe. Mota ziliungua, vyuma vilikatika, watu walilala macho.

MIT walifika kwanza, lakini gari lao lilikuwa limevutwa kwa kamba sehemu ya mwisho ya njia. Waamuzi wakawaongezea muda kama adhabu. Hesabu ilipofanywa, Caltech walishinda kwa tofauti ya karibu nusu saa tu, baada ya siku zaidi ya nane za barabara.

Miaka 3 baadaye, 1971, gari la umeme lilifika mahali ambapo la esanse haliwezi kufika: mwezini. Wanaanga wa Apollo 15 waliliendesha juu ya vumbi la mwezi, kwa kuwa kule hakuna hewa ya kuchoma mafuta. Batri zake hazikuweza kuchajiwa tena. Kazi ya wanaanga ilipoisha, gari liliachwa palepale, na liko huko hata leo.

Batri mpya, na jina la Kongo

Mabadiliko ya kweli yalitoka maabara. Mwaka wa 1980, John Goodenough na wenzake, katika chuo cha Oxford huko Uingereza, waligundua kwamba mchanganyiko wa litiamu na kobalti unaweza kuhifadhi umeme mwingi katika uzito mdogo. Mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza batri za aina hiyo. Ndizo zilizoingia kwenye kamera, kompyuta na simu. Mwaka wa 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa tuzo ya Nobel ya kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97.

Kuanzia mwaka wa 2008 kampuni ya Tesla ilijaza maelfu ya batri ndogo kama hizo ndani ya gari moja, nalo likaweza kwenda zaidi ya kilometa 300 kwa chaji. Mwaka wa 2012 ikafungua vituo vyake vya kwanza vya kuchaji haraka huko California. Lile wazo la wanafunzi wa 1968, kupanga vituo kando ya njia kuu, likawa biashara.

Wengine hawakusubiri vituo. Mwaka wa 2016, Mholanzi Wiebe Wakker aliondoka kwao na gari la Volkswagen Golf lililobadilishwa kuwa la umeme. Alipita inchi 33 na kuendesha kama kilometa 95,000, akafika Sydney, Australia, mwezi wa nne 2019. Safari nzima aliishi kwa wema wa watu waliompa chakula, kitanda na umeme. Alichofanya Fritchle katika miji ya Marekani, yeye alikifanya duniani.

Afrika nayo imejaribu. Mwaka wa 2024, pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam ya Kenya ilitoka Nairobi mpaka Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kama kilometa 6,000, ikichajiwa kwa nguvu za jua. Timu ilibeba sahani za jua, aina ileile inayochaji simu katika kambi nyingi za wakimbizi wa ndani.

Safari ya jiwe ni ndefu kuliko ya gari

Leo karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Malori yanaibeba kutoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka mpaka Kasumbalesa, kisha Zambia, mpaka bandari za Durban na Dar es Salaam. Sehemu kubwa inakwenda China kusafishwa. Kabla gari halijafanya hata kilometa moja, kobalti yake imeshazunguka nusu ya dunia.

Jiwe hilo nalo limewatoa watu nyumbani. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, mwaka wa 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba. Watu wakachimba ndani ya viwanja vyao, hata sakafuni. Baadaye sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wakaaji wakahamishwa. Familia iliyokimbia vita na familia iliyoondolewa kwa ajili ya mgodi hazikupita njia moja, lakini zote mbili zimeacha nyuma mlango, shamba na jirani.

Serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje mwezi wa pili 2025, ili bei iliyokuwa imeanguka ipande. Mwezi wa kumi mwaka huohuo ikaweka kipimo cha kiasi kinachoruhusiwa kutoka kila mwaka. Ni hatua ya mwenye mali. Lakini muda hausubiri: viwanda vingi, hasa vya China, sasa vinatengeneza batri za chuma na fosfati zisizo na kobalti kabisa. Raba ya msituni ilipitwa na ile ya mashamba ya Asia. Hakuna ahadi kwamba kobalti haitapitwa.

Umeme unaopita juu ya vichwa

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 300. Gari jipya la umeme linaweza kumaliza njia hiyo kwa chaji moja. Kobalti iko, shaba iko, na litiamu iko Manono. Kinachokosekana ni kile kilichokosekana katika vijiji vya Marekani mwaka wa 1908.

Tena umeme wenyewe Kongo inao. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, waya mkubwa wa kama kilometa 1,700 unatoka Inga, karibu na Matadi, mpaka Kolwezi, kulisha migodi. Unakatiza karibu inchi nzima. Chini yake kuna vijiji vingi ambavyo watoto husoma kwa taa ya mafuta. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote za umeme hapa kwetu, na haina kituo njiani.

Historia hii haisemi kwamba kila Mkongomani atafute gari la umeme. Mama aliye kambini anatafuta kwanza amani, unga, na njia salama ya kurudi kijijini. Lakini inafundisha kwamba gari halikuwahi kufika mbali kwa nguvu zake peke yake. Lilifika pale ambapo wakaaji wa kando ya njia walikuwa na umeme. Kwa hiyo, viongozi wanapokaa na makampuni kuzungumza bei ya tani, wananchi wana haki ya kuuliza swali la pili pia: waya utashuka lini kijijini? Zahanati itapata friji ya chanjo lini, na shule taa? Barabara italimwa lini, ili hata lori la mazuti lipite?

Zamani raba iliondoka, na barabara haikubaki. Kobalti inaondoka sasa. Wakati wa kuuliza ni huu, malori yakiwa bado yanapita.