Kichocheo

Anayesukuma kuni mafigani, Wete au Mkoani kisiwani Pemba, anachochea moto. Hapo wanakemia walipata jina lililowafaa: kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kuisha. Pemba tuna sababu ya kukijali. Katika vita dhidi ya malaria miaka ya 1960, kuta za nyumba zetu zilipuliziwa dawa ya kuua mbu, DDT. Kila molekuli yake ina atomi 5 za klorini, na hizo ndizo zinazoifanya ikae udongoni miaka mingi na kujilimbikiza katika mafuta ya viumbe. Chembe za paladiamu juu ya chuma, zikiwa kichocheo, huzing'oa klorini hizo na kuweka hidrojeni mahali pake. Tatizo, paladiamu ni ghali mno, na salfa kidogo tu huidhoofisha. Ndiyo maana watafiti wanajaribu nikeli, iliyo nafuu zaidi.