Wazimu wa Makangaga

Mwaka 1855 Charles Kingsley, kasisi na mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu kuhusu viumbe wa pwani kiitwacho Glaucus. Humo alilitumia neno jipya lenye asili ya Kigiriki, pteridomania, yaani wazimu wa makangaga. Aliwalenga mabinti wa matajiri walionunua makangaga na kubishania majina yake magumu. Hata hivyo aliwatetea: aliona kazi hiyo inawachangamsha akili kuliko riwaya na umbea.

Wazimu huo ulitokana na chupa. Daktari Nathaniel Ward aliishi mashariki mwa London, ambako moshi wa viwanda uliua kila kangaga alilopanda. Mwaka 1829 alifukia bundo la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika. Alikuwa akimngojea nondo, likachipua kangaga. Mvuke uliopanda mchana uligeuka matone kwenye kioo na kurudi udongoni, na mmea ukaishi karibu miaka minne bila kumwagiliwa, hadi kifuniko kilipoliwa na kutu.

Ward akaunda masanduku ya kioo. Kodi ya kioo ilipofutwa mwaka 1845, masanduku hayo yakaingia sebuleni mwa watu wa kipato cha kati, na reli ikawafikisha wakusanyaji Devon, Wales na Scotland. Wanawake, ambao vyuo vikuu viliwafungia milango, walipata hapo nafasi ya kufanya sayansi kwa mikono yao. Faida hiyo mimi siidharau hata kidogo.

Lakini mmea uliopendwa ulichimbwa na mizizi yake. Kangaga la Killarney, lenye majani membamba yapitishayo mwanga, lilikaribia kutoweka. Woodsia, kangaga dogo la miambani, liling'olewa kwa pupa katika milima ya Moffat, Scotland. Huko Wales, mwaka 1861, kiongozi wa wapanda milima William Williams alianguka gengeni akafa. Alikuwa akitafuta Woodsia. Uchache wenyewe ulipandisha bei, na bei ikawatuma wachimbaji kwenye mashina yaliyosalia.

Sheria ya kuyalinda makangaga hayo ilikuja mwaka 1975. Tangu 1999 wataalamu wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh wamekuwa wakiirudisha Woodsia huko Moffat, kwa miche waliyoiotesha wenyewe.