Barua za Salme kwa Shoga Yake

Bibi Salme alijifunza kuandika kwa siri. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan na suria aliyetoka milima ya Caucasus. Wakati ule mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kushika kalamu. Akajifunza mwenyewe, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema: mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, karani wa njama alikuwa binti huyu wa miaka 15.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Mei 1867, huko Aden, alibatizwa Emily, akaolewa, kisha wakaelekea Hamburg.

Alifika hajui Kijerumani. Mume akienda kazini, alibaki peke yake kati ya watu asioweza kuzungumza nao. Lakini lugha alijifunza. Kilichochukua muda zaidi ni kile ambacho hakimo katika kamusi: nani husema kwanza, jambo zito hufikishwaje, na ahadi ina uzito gani. Kwao Unguja, mtu haanzi na shida yake. Ataulizwa hali, atauliza hali, kahawa itanywewa, ndipo neno litoke, tena kwa kuzunguka. Aliyezoea hivyo huwaona wanaokwenda moja kwa moja kuwa wakavu. Nao humwona yeye kuwa hajui anachotaka.

Mwaka 1870 Heinrich alifariki kwa ajali ya tramu. Salme, mwenye miaka 25, akabaki na watoto watatu, mdogo akiwa bado mchanga. Sasa ilimbidi aongee mwenyewe na maofisa na wadai, na baadaye afundishe Kiarabu ili apate riziki.

Somo gumu alilipata London, mwaka 1875. Barghash, aliyekuwa sasa Sultani, alikuja ziarani, na Salme akaenda kutafuta suluhu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Sir Bartle Frere alimweka njia panda: aonane na ndugu yake, au aache, na watoto wake wasaidiwe. Alichagua watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, akaambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, hivyo Uingereza haina wajibu naye. Maneno yote aliyaelewa. Hakujua tu kwamba huko neno la muungwana, bila karatasi, halikumfunga mtu.

Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari hii pamoja na manowari za Kijerumani. Watu wa mjini walimsalimia kwa furaha. Barghash hakutaka kumwona. Hapo hakuhitaji mkalimani. Kimya kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa amelelewa kuusikia.

Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, akiwaeleza wenyeji wake jinsi watu wa Unguja wanavyoishi, wanavyotembeleana na wanavyooana. Aliacha pia maandishi mengine, yaliyochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake: barua kwa shoga yake wa Unguja, akimweleza maisha ya Ulaya, upweke wake na mambo yaliyomshangaza.

Nimezifikiria sana barua hizo, hasa kila ninapomsikia rafiki aliye masomoni ng'ambo akisema, "Nimeshazoea." Nazo ziliandikwa kwa Kijerumani. Binti aliyejifunza kuandika juu ya mfupa wa ngamia, akiandikia nyumbani, alitumia lugha ambayo shoga yake asingeweza kuisoma. Ndivyo alivyokuwa amezoea ugeni.

Salme alifariki Jena mwaka 1924. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.