Lothagam: kaburi kubwa lisilo na mfalme

Mtu wa Kirewa, wilayani Tororo, Uganda, hashangai kuona jiwe kubwa limesimama. Mwamba wa Tororo ni mabaki ya volkano ya kale, na hakuna aliyeubeba. Lakini ukivuka mpaka kuingia Kenya na kupanda kaskazini hadi magharibi mwa Ziwa Turkana, utakuta nguzo za mawe zilizosimikwa kwa mikono ya binadamu. Waliozisimika walikuwa wafugaji, na walifanya hivyo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita.

Nguzo za namna hiyo ziko sehemu kadhaa kuzunguka ziwa. Kuhusu zile za Kalokol, Waturkana husimulia kwamba ni watu waliogeuzwa mawe wakiwa katikati ya ngoma. Wasomi nao walikuwa na simulizi yao. Mwaka 1978, Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za hapo zilipangwa kufuata nyota, zikiwa kalenda. Miaka minne baadaye Robert Soper alizipima upya na kuonya kuwa mawe yenyewe yana sumaku, kwa hiyo yanaweza kuipotosha dira ya mpimaji.

Jibu la uhakika zaidi kuhusu nguzo hizi lilitoka ardhini, katika eneo jingine lenye nguzo, Lothagam Kaskazini. Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, aliongoza uchimbaji pamoja na wenzake, wakiwemo Purity Kiura na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018.

Waligundua kwamba wajenzi walianza kwa kutandaza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati yake walichimba shimo pana katika mchanga wa ufuo wa zamani, wakashuka hadi kwenye mwamba, na humo wakazika wafu wao kizazi baada ya kizazi. Wachimbaji walifukua sehemu ndogo tu, kisha wakakadiria kuwa shimo zima lina watu wasiopungua 580. Lilipojaa, lilifunikwa kwa mawe, zikasimikwa nguzo, nyingine zikiwa zimeletwa kutoka umbali wa kilomita nzima.

Ndani walilala wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wamebanana. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi mbalimbali, pete za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Ili kuyapata ilibidi wanyama zaidi ya 100 wanaswe, wang'olewe meno ya mbele, na meno hayo yapangwe moja moja.

Hapo ndipo Lothagam inapovuruga mazoea ya wanahistoria. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa jengo kubwa ni dalili ya mtawala mkubwa, mwenye uwezo wa kuamrisha vibarua. Katika enzi hiyohiyo, Misri ilikuwa ikimjengea Farao Khufu piramidi nzima peke yake. Lothagam hakuna kaburi lililotengwa kwa ajili ya mkubwa, wala dalili ya tabaka la mabwana.

Basi nani aliwakusanya wajenzi? Watafiti wanaitazama hali ya hewa. Mvua zilikuwa zimepungua, ziwa likajikunja na kuacha nchi kavu pale palipokuwa na maji, na ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa mali mpya katika bonde hilo. Mfugaji anayehamahama kutafuta malisho anahitaji ndugu na marafiki wa mbali watakaompokea ukame ukimbana. Mazishi yaliwapa watu hao waliotawanyika sababu ya kurudi mahali pamoja, kubadilishana habari na kufahamiana upya.

Ujenzi ulikoma ziwa lilipotulia katika kina chake kipya. Ufugaji uliendelea kushuka kusini, na zaidi ya miaka 1,000 baadaye wafugaji wa Bonde la Ufa, kwenye Pango la Mto Njoro lililochimbwa na Mary na Louis Leakey mwaka 1938, bado walikuwa wakizika wafu wao na shanga za mawe, bila nguzo hata moja.