Ndai ya Kitambo: Uibadilishe ama Ukae Nayo? Hesabu ya Mazingira Ndio Hii

Tuseme mzae amekuachia Toyota ya 1998. Mabeshte wanakucheka, eti huo mkebe unaharibu hewa, nunua ingine. Kabla uitishe mkopo, piga hii hesabu kwanza.

Deni la kiwandani

Gari huanza kuchafua hewa kabla iguse lami. Kuyeyusha chuma na kutengeneza vioo, plastiki na tairi kunakula nguvu mob. Ndai ndogo ya petroli inaweza kugharimu kama tani 6 za kaboni kabla hujaiwasha. Ya stima inapita hapo juu ya betri. Ya mzae ilishalipa hilo deni kitambo.

Ukiendesha kidogo

Lita moja ya petroli ikichomeka inatoa kama kilo 2.3 za kaboni. Ukipiga kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na ndai inakupa kilomita 10 kwa lita, unachoma lita 900. Hizo ni kama tani 2. Gari jipya la kilomita 15 kwa lita litachoma lita 600. Unaokoa tani 0.7 hivi kwa mwaka, so deni la tani 6 litaisha baada ya miaka 8 na ushee.

Ukiwa msee wa teksi

Kwa kilomita 200 kila siku, gari hizo hizo zinatofautiana lita 2,000 kwa mwaka. Hapo unaokoa kama tani 4.6, na deni linaisha mwaka wa pili. Ukienda ya stima ni poa zaidi, kwa sababu umeme mwingi wa Kenya unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana.

Na mtumba wa Japan?

Hiyo ilitengenezwa tayari, na sheria hairuhusu iliyopitisha miaka 8. Lakini ukimuuzia jirani ule mkebe wako, moshi umehama ploti tu, haujaisha.

Moshi unaouona

Kaboni si kesi pekee. Moshi mweusi una masizi yanayoingia kwa mapafu ya watoi wanaongoja matatu stejini. Wa bluu unamaanisha injini inakula oili. Na kama kile kifaa cha egzosi kinachosafisha moshi kiling'olewa kikauzwa, ndai inatema sumu hata kama haili mafuta sana.

Uamuzi

Unaendesha kidogo na injini iko fiti? Kaa nayo. Ipeleke sevisi, badilisha plagi na ea klina, jaza tairi upepo. Unaendesha kutwa kucha? Badilisha. Inatoa moshi na fundi ameshindwa? Usimuuzie mtu, ipeleke kwa wasee wa skrapu.

Na siku ya kwenda tao pekee yako, panda mathree. Hiyo haihitaji hesabu.